Sweta nyuma ya mlango wa stoo

Mlimani Kitonga, njia ya kwenda Iringa, tulikaa saa mbili na ushee. Lori la mbolea lilikuwa limekata roho kwenye kona, likaziba njia, na magari yakajipanga nyuma yake kushuka mpaka kule kwenye mibuyu. Abiria tukateremka. Wanaume wakaenda kumpa dereva wa lori ushauri ambao hakuuomba. Sisi wengine tukakaa kando ya barabara tukitafuna karanga, na mama mmoja kapakata kiroba cha vitunguu alichonunua Ruaha Mbuyuni utadhani kapakata mtoto.

Jua likazama. Upepo ukateremka kutoka juu, upepo ambao mtu wa kwetu anautambua hata akiwa amefumba macho. Watu wakarudi garini, vioo vikafungwa, zipu za mabegi zikalia kila upande na masweta yakaanza kutoka: ya shule, ya mtumba, ya kufumwa kwa mkono. Nami nikatoa langu, la kijani, nikalivaa. Likanibana mabegani.

Halikuwa langu.

Kwenye mfuko wa ndani wa mkoba nilikuwa na shilingi 50,000, noti tano za elfu kumi ndani ya bahasha iliyowahi kubeba kadi ya mchango wa harusi. Nazo hazikuwa zangu.

Nina wiki sita nyumbani sasa. Fedha nilisharudisha. Sweta ndilo limenisumbua. Mara nne nimeanza kuandika habari yake na mara nne nimefuta, kwa sababu kila nikifika mahali fulani najikuta najifanya mwerevu kuliko nilivyokuwa. Mtaona.

## Niletee mmoja

Ukisema Dar kwamba unatoka Iringa, mazungumzo yana reli yake. Kwanza utani wa mbwa, kwamba tunawala. Halafu utani wa kamba, kwamba tukiudhika kidogo tunajinyonga. Wa mbwa nacheka tu. Wa kamba huwa nawajibu kwamba Mkwawa, mtemi wa Wahehe, alijipiga risasi mwaka 1898 ili Mjerumani asimpate akiwa hai, kwa hiyo wakitaka kututania watutanie kwa kufuata historia.

Halafu linakuja la tatu, na hilo si utani.

"Nitafutie dada wa kazi."

Ofisini nilikofanyia field, mafunzo ya vitendo ya chuo, niliombwa na watu watano kabla sijajua choo kiko wapi. Mhasibu alinipa na sifa kabisa: mchapakazi, mkimya, asiwe na simu kubwa. Dereva alitaka wawili, mmoja wake na mmoja wa shemeji yake. Hawakuwa wabaya hata kidogo. Walisema vilevile kama mtu anavyomwagiza mwenzake anayekwenda Mbeya: niletee kilo ishirini za mchele wa Kyela, ila hakikisha hazijachanganywa.

Mimi nikajibu wote, "Nitaangalia." Kwetu ukimjibu mtu hivyo ameshajua ni hapana. Dar, nilikuja kugundua, ni ahadi.

Kilichonikera sikukijua upesi. Nina miaka ishirini na tatu, natoka kijiji cha Mufindi, nimekulia kwenye ukungu na misindano kama hao wanaoagizwa. Kilichonitofautisha nao pale ofisini ni kitambulisho nilichoning'iniza shingoni, chenye maneno "wa muda" chini ya picha.

## Kimara

Nilifikia kwa mama mdogo, Kimara. Julai nzima na Agosti nikawa naamka, napanda mwendokasi, nasimama kwa mguu mmoja mpaka mjini, napanga majalada ya likizo za watu, narudi. Nasomea utawala wa rasilimali watu. Field yangu yote ilikuwa siku 28: nani amezimaliza, nani anadai, nani anataka kuzihamishia mwakani. Hakuna mtu pale ofisini asiyezijua siku zake 28 kwa moyo.

Nyumbani kwa mama mdogo nilimkuta dada. Mwembamba, umri labda kumi na tisa, naye wa Mufindi, upande wa chai. Siku ya kwanza nilimsalimia "Kamwene", salamu ya kwetu, akashtuka, kisha uso wote ukafunguka. Tukasalimiana hivyo kama siku nne. Baadaye tukaacha. Hatukugombana. Mimi nilikuwa nakaa sebuleni, yeye anakaa jikoni, na ile salamu ikawa kila siku inabidi ivuke mlango. Asiyechoka kuivuka alikuwa mtoto wa mwisho wa mama mdogo, wa mwaka mmoja na nusu, aliyelala na dada chumba cha stoo. Kila asubuhi alitoka na nepi imelegea, akamwambia kila aliyemkuta: "Kamwene." Mtoto wa Kimara, baba yake Mzaramo.

Katikati ya Agosti dada akapigiwa simu kwamba bibi yake amefariki. Mama mdogo akampa pole, akampa mshahara wake wa shilingi 70,000, na nauli ya kwenda na kurudi. Wiki moja, walikubaliana.

Siku kumi zikapita. Namba haipatikani.

"Atarudi," mama mdogo akasema, akaniongoza mpaka stoo na kunionyesha nyuma ya mlango. Lilikuwa limening'inia sweta la shule, la kijani, zito, viwiko vimeshonwa tena kwa uzi wa rangi nyingine. "Kitu chake kimebaki. Mtu haachi kitu chake."

Nililitazama lile sweta nikajua.

Agosti! Mufindi, Agosti! Mwezi ambao mama yangu analala na soksi mbili, na asubuhi umande kwenye majani unauma vidole. Mtoto wa kwetu anayekwenda nyumbani mwezi huo ataacha viatu, ataacha simu, sweta hawezi kuliacha. Kama ameliacha ni kwa sababu hakwenda. Hakupanda basi lolote pale Mbezi. Hakuna msiba. Yumo humohumo mjini, Mbagala au Tegeta huko, kwa mtu mwingine au kwa mwanaume, mahali ambapo sweta ni mzigo tu.

Nikaona mimi ndiye ninayeweza kuusoma ushahidi ule, maana mama mdogo alikwishasahau baridi ya kwao. Nikanyamaza. Nilijiambia namfichia siri mwenzangu. Na kusema kweli nilifurahi kujua kitu ambacho mwenye nyumba hakijui.

## Jumatano

Field ilipokwisha nilikuwa nimeshaulizia tiketi. Mama mdogo akaniomba: "Nisaidie wiki mbili tu mwanangu, nitafute mtu." Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilikuwa nimekula kwake miezi miwili bila kuchangia hata nyanya.

Wiki mbili zikawa tatu na siku nne.

Nikahamia stoo, kwa kuwa mtoto hakutaka kulala pengine. Saa kumi na nusu alfajiri naamka, kwa sababu basi la shule la wale wakubwa wawili linapita saa kumi na moja na nusu, na halisubiri. Chai, mikate, sare, kiatu kimoja hakionekani, kiko chini ya kochi. Wakishatoka, mama mdogo na mumewe nao wanatoka. Hapo ndipo kazi inaanza. Vyombo vya jana na vya leo. Kufua kabla maji hayajakatika, maana yakikatika ni kununua ndoo. Kudeki huku mtoto anapita juu ya ulipodeki. Uji wake. Mchana wake. Kumlaza, na akilala unachambua mchele. Saa kumi wakubwa wanarudi na njaa na homuweki. Saa mbili usiku mama mdogo anafika na miguu iliyovimba, maana foleni ya Kimara inajulikana. Unapasha. Unatenga. Unasubiri wamalize ili uoshe. Saa nne na nusu unafunga geti.

Sina lengo la kulia hapa. Wengi wenu mnaosoma mmeishi na dada wa kazi, na baadhi yenu ndio mliokuwa madada wenyewe. Nataka tu niseme lililonipata Jumatano ya wiki ya kwanza, nikiwa nakuna nazi.

Nilikuwa nahesabu kichwani bila kukusudia. Ni ugonjwa wa fani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi tisa kwa siku. Nikajumlisha Jumatatu, nikajumlisha Jumanne, nikatoa hata dakika nilizokaa. Nazi haijaisha kukunwa, wiki yangu ya kisheria ilikuwa imeisha. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Halafu nikakumbuka mishahara. Agizo la kima cha chini la mwaka 2013 liliweka shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida. La mwaka 2022 likapandisha mpaka 60,000. Mama mdogo alikuwa akilipa 70,000. Kwa karatasi, mama mdogo alikuwa amevuka sheria kwa wema.

Sikujua nimkasirikie nani.

## Asiwe mjuaji

Kabla sijaondoka, usiku mmoja umeme ulikatika, tukatoka kukaa barazani. Mama mdogo alikuwa amelowesha miguu kwenye beseni. Sijui giza lina nini; kitu ambacho ukoo wetu umekizunguka miaka yote akakisema mwenyewe, kama anayesimulia habari za mtu wa jirani.

Alikuja Dar mwaka 1996, ndani ya lori la mbao kutoka Mafinga. Akafikia Magomeni kwa familia ya watu wazima. Miaka miwili alilala jikoni, kwenye mkeka, kichwa karibu na mtungi. Mwaka wa tatu yule mama mwajiri akamnunulia cherehani. Kwenye cherehani akapata wateja, kwenye wateja akapata mume.

"Mimi sikuwa mjuaji," akasema. "Ndiyo maana nilifika."

Hapo ndipo ikatoka ile bahasha.

"Ukifika, nitafutie binti. Asiwe mdogo, sitaki kesi. Na asiwe mjuaji. Huyu aliyeondoka nilimwona tangu mwanzo ana kujuajua."

Nikapokea. Ningeweza kusema nitaangalia, na safari hii ningekuwa nimesema kwa lugha ya kwetu, na yeye angeelewa. Sikusema. Nikaitia mkobani.

Na sweta? Asubuhi ya safari alilitoa nyuma ya mlango mwenyewe, akanirushia. "Chukua, huku linanuka tu." Ndio ukawa mwisho wa kusubiri kwake.

## Aliyeandika majina

Mabasi ya bara siku hizi yanaanzia Mbezi. La kwetu lilitakiwa liondoke saa kumi na mbili asubuhi, likaondoka saa nne, sababu tulitajiwa tatu tofauti. Chalinze, Morogoro, Mikumi. Kwa kawaida Mikumi huwa nahesabu twiga. Safari hii nilimhesabu babu.

Babu yangu, ambaye ni baba yake mama mdogo, alikwenda manamba, kibarua cha mkataba kwenye mkonge wa Kilosa. Wasomaji wa nyanda za juu hili hamhitaji kuelezwa. Kila ukoo una wake aliyepewa namba akaenda, na wengine hawakurudi. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kukusanya vibarua, SILABU, na huku kwetu, Njombe hasa, ndiko walikochota. Bibi alikuwa akisimulia habari hizo jioni, akimenya viazi. Cha ajabu, sikuwahi kumsikia akimlaumu mzungu wa mkonge. Huyo hakumjua. Aliyemlaumu mpaka anaingia kaburini ni mtu mmoja wa kijiji cha pili, anayezungumza lugha yetu, aliyekuja na blanketi begani akakaa kwenye kigoda chake, akanywa pombe yake ya ulanzi, halafu akaandika majina.

Nilikuwa nimeegemea kioo, mkoba umebana kifuani, bahasha ndani yake.

Ndipo tukafika Kitonga, na lile lori.

## Nani anakufukuza?

Mafinga tuliingia karibu saa nne usiku. Pikipiki, vumbi la mwisho wa kiangazi, harufu ya moshi wa misindano. Mama alikuwa amekaa macho na chungu cha maharage kiko kwenye mafiga. Akanikumbatia, kisha akanishika bega la sweta akalivuta kidogo.

"Hili si lako."

"La dada wa kazi wa mama mdogo."

Akanitazama, hakuuliza tena. Mama ana namna ya kutouliza inayochosha kuliko kuulizwa.

Siku za mwanzo nilikuwa naamka saa kumi na nusu alfajiri bila kuamshwa. Siku ya tatu mama alinikuta nafagia uwanja gizani, kwa tochi ya simu. Akasimama mlangoni na kanga yake begani. "Nani anakufukuza?"

Sikuwa na jibu. Nikaweka fagio chini, tukaingia ndani.

Siku ya tano akaja mama jirani na maharage mabichi kwenye ungo. Shikamoo, marahaba, habari za huko, nzuri, mbona umekonda, joto mama. Halafu akaweka ungo chini na kujifuta mikono.

"Mwanangu, nasikia huko kazi ziko nyingi. Huyu binti yangu amemaliza kidato cha nne mwaka jana, matokeo ndiyo hayo, anazunguka tu hapa. Huwezi kumwombea mahali?"

Bahasha ilikuwa ndani, hatua nane kutoka pale tulipokaa. Sikuwa nimemwambia mtu, hata mama. Ningesimama tu, nikaileta, nikawafurahisha watu wawili waliotenganishwa na kilomita zaidi ya mia tano, nikamaliza.

Nikasema, "Nitaangalia." Uso wake ukazima. Alielewa.

Usiku huo sikulala. Ni rahisi sana kumkataza mwenzako mji wakati wewe mwendokasi umeshaupanda. Mimi nilikwenda. Nimekunywa maji ya dafu Coco Beach, nimepanda pantoni kwenda Kigamboni na kurudi bila shughuli yoyote, ili tu nione maji. Nimrudishe yeye kwenye palizi kwa niaba yake? Na nikimpeleka, nitamwambiaje? Nikimwambia yote hatakwenda. Nikimwambia nusu, nimekaa kwenye kigoda cha bibi na blanketi begani.

## Kinyunguni

Asubuhi nikamfuata. Alikuwa bondeni, kwenye kinyungu chao, anamwagilia mboga. Vinyungu ndivyo vinavyotuvusha kiangazi huku; juu kote kumekauka, bondeni kijani. Nikakaa kwenye tuta nikamweleza kila kitu, tangu basi la shule mpaka geti. Saa, mshahara, mtoto, ndoo za maji, mume wa mama mdogo ambaye kwa haki ni mtu mpole na hana shida. Nikamwonyesha na bahasha.

Yeye aliendelea kumwagilia. Nilipomaliza akaweka ndoo chini.

"Dada, hizo wiki tatu na siku nne ulizofanya wewe. Walikulipa shilingi ngapi?"

Nikatafuta maneno.

"Nauli."

"Ya kurudi?"

"Ya kurudi."

Alicheka mpaka akakaa. Nami ikabidi nicheke, ingawa masikio yalikuwa yanawaka. Mtu aliyesoma sheria za kazi miaka mitatu chuoni, ameulizwa swali moja kwenye tuta la mchicha akakosa pa kushika.

"Haya mpigie," akasema.

Tukapanda mpaka mlimani kwenye mtandao. Akaongea mwenyewe, sauti imewekwa nje. Shikamoo mama. Ndiyo mama. Akataja anachotaka: laki moja, Jumapili moja ndani ya kila mbili awe huru kwenda kanisani na asiulizwe amerudi saa ngapi, na simu yake anakuja nayo. Alisema polepole, kwa adabu, kama anayesoma zaburi. Upande wa pili kukawa kimya.

"Mpe dada yako simu."

Nikapokea.

"Mwanangu. Nilikuambia nini?"

Ikakatwa. Jioni ile ile nilimrudishia 50,000 kwa simu, na makato nikayalipa mimi. Hakujibu. Wiki iliyopita ndipo akatuma ujumbe, bila salamu: *Yule mjuaji bado yupo?* Nilipokwenda kuuonyesha, mama jirani aliniambia binti ameanza kibarua cha kuchuma chai, atarudi jioni. Wataelewana au hawataelewana. Namba nimeshampa, na mimi nimetoka katikati.

## Upande wa chai

Likabaki sweta.

Kwa siku nyingi nililitazama kwenye kamba. Mama alilifua mara mbili. Kijiji cha yule dada nakijua kwa jina, ni nusu saa kwa pikipiki, na kila nilipotaka kwenda nilikwama palepale: kama hakupanda basi, basi kwao wanajua yuko Kimara. Hawajui kwamba hayupo. Mimi ndiye niliyejua tangu Agosti, kwa ule werevu wangu wa kusoma sweta, nikanyamaza. Sasa nikamwambie mama yake nini? Mwanao amepotea mjini miezi miwili na nusu, na hili hapa vazi lake?

Jumamosi iliyopita nilikwenda. Nilifanya mazoezi ya maneno njia nzima, nyuma ya pikipiki, na vumbi likiingia kinywani. Nikaelekezwa nyumba. Uwanjani kulikuwa na banda jipya la mabanzi, limezungushiwa wavu, na kuku wadogo wengi, wa umri mmoja.

Akatoka yeye mwenyewe, na bakuli la pumba mkononi.

Tulitazamana. Aliliona sweta kabla hajaniona mimi vizuri.

"Kamwene," akasema.

"Kamwene."

Msiba ulikuwepo. Kaburi la bibi yake alinionyesha, liko nyuma ya migomba, udongo bado haujakaa vizuri. Alipanda basi pale Mbezi siku ileile aliyoaga. Alipofika juu ya Kitonga alitetemeka mpaka abiria wa pembeni akamfunika kanga, na Mafinga alishuka meno yanagongana.

Nikamwuliza sasa kwa nini alikuja bila sweta. Alinitazama kwa mshangao kidogo, kama vile jambo lenyewe ningelijua.

"Ningelichukua, mama angejua sirudi. Angenipa nauli ya kwenda tu."

Alikwishapanga. Alijua mama mdogo atakwenda kutazama nyuma ya mlango. Alivumilia baridi ya siku moja, akabaki na nauli ya kurudi na mshahara mzima, akanunua vifaranga na wavu. Namba alibadilisha kwa sababu hakutaka kugombana na mtu ambaye, alisema, hakuwahi kumpiga wala kumnyima chakula.

Nilimkabidhi. Alilinusa, akasema linanuka sabuni ya mama yangu, akalivaa palepale. Limemkaa sawasawa. Akanitilia mayai sita kwenye mfuko nimpelekee mama. Vifaranga bado, alisema, hayo ni ya kuku wa zamani.

Kuhusu Kimara hakuuliza lolote mpaka nimepanda pikipiki. Hapo ndipo akashika usukani wa ile pikipiki, kama anazuia isiondoke.

"Mtoto bado anasema kamwene?"

Nikamwambia bado.

Wiki ya mwisho pale Kimara alikuwa ameshaanza kuniambia "mambo".